Nasomea Nyumba, Yangu Inabomoka

Kama una adui na umekosa namna ya kumkomesha, usihangaike na mganga. Mlipie karo akasomee uzamili wa usanifu wa majengo. Atajimaliza mwenyewe. Atajimaliza polepole, usiku wa manane, ameshika wembe na kipande cha kadibodi, na bado atakushukuru.

Mimi hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na kazi yangu. Nimechora ramani za nyumba hapa Kawangware miaka na miaka. Nina kachumba juu ya duka la mitumba karibu na steji ya 46, meza moja, kompyuta moja inayokohoa. Mwenye ploti anakuja na mchoro wake nyuma ya pakiti ya sigara. "Fundi, ploti ni hamsini kwa mia. Nitoshee vyumba ishirini kila ghorofa." Namtoshea. Akitaka ishirini na viwili, namtoshea. Ngazi inakuwa nyembamba kidogo, kochi haipiti, wapangaji wanaipandishia dirishani kwa kamba. Hakuna aliyewahi kunilalamikia. Kwani kochi kubwa ni ya nini kwa chumba cha futi kumi kwa kumi?

Shida ni muhuri. Kenya ukitaka kujiita msanifu lazima usajiliwe, ndivyo sheria ya Sura ya 525 inavyosema. Mimi sijasajiliwa. Kwa hivyo kila ramani nainamia kijana mwenye muhuri, mtoto wa juzi, anagonga mara moja, pap, anabeba nusu ya pesa. Siku moja nikasema basi, narudi shule nitafute muhuri wangu. Chuo sitakitaja, nisije nikafukuzwa kabla ya kufeli.

Nilidhani nitakaa darasani, mhadhiri aongee, ninakili, nifanye mtihani, nipite ama nianguke. Wapi! Huku hakuna mtihani. Kuna studio. Ni ukumbi mkubwa wenye meza, taa zisizozimwa, na harufu ya gundi, chipsi na soksi. Unapewa meza yako. Unaambiwa tengeneza. Utengeneze nini? Utajua. Inatakiwa lini? Jana. Ukimaliza unaambiwa anza upya. Ukianza upya unaambiwa ile ya kwanza ilikuwa na matumaini. Hiyo ya kwanza umeshawashia jiko.

Wenzangu ni watoto. Ningewahi kuoa ningewazaa. Wananiita "buda", kwa heshima lakini. Wana laptopu zinazong'aa. Kijana anabonyeza, jengo linatokea na miti, mawingu, na mzungu anayekimbia na mbwa. Hata jengo likiwa Kariobangi, mzungu na mbwa wake wapo. Mimi yangu nikiibonyeza itoe picha, naenda kunywa chai, nafua, naanika, narudi, imefika asilimia nne. Halafu inazima.

Mhadhiri huzunguka meza hadi meza. Alipofika kwangu akaniuliza, "Nini wazo lako?"

Nikamwambia, "Vyumba ishirini."

"Hapana, mzee. Wazo."

Nikamwambia, "Ishirini na viwili."

Akaenda meza nyingine. Tangu siku hiyo akinikaribia anapumua kwanza.

Kuna siku Prof mmoja alituonyesha kwenye ukuta picha za majengo yaliyojengwa bila huruma. Akaanza na Pipeline kule Embakasi. Darasa likaguna. Akafuatisha Kawangware. Ghorofa sita, hakuna lifti, madirisha yanatazamana hivi kwamba jirani akinyoosha mkono anaweza kukukorogea uji. Nikasema kimoyomoyo, jamani, nani anaishi hapo? Halafu nikaiona rangi ya geti. Ni kwetu! Ghorofa ya tatu, kwenye kamba, fulana ya manjano ya kampeni, imetoboka kwapa la kushoto. Niliitambua haraka kwa sababu nilikuwa nimeivaa. Msichana aliyekaa nyuma yangu akatazama ukutani, akatazama mgongo wangu, akatazama ukutani tena.

"Prof, mwenye nyumba ako hapa."

Mwenye nyumba! Ningekuwa mwenye nyumba ningekuwa nimekaa na nyinyi? Prof akafurahi kweli. Akaniuliza, mbele ya watu, nasikiaje kuishi katika nafasi ya namna hiyo. Nikamwambia maji huja Jumanne na Ijumaa. Akaandika.

Basi tukapewa kazi ya muhula: nyumba za watu wa kipato cha chini, Kibera, kijiji cha Soweto East. Moyo ukatulia. Hapo sasa nitawaonyesha. Mimi na kipato cha chini tunajuana tangu utotoni.

Kwanza tukalishwa historia mpaka macho yakauma. Kwamba Kibera ilianza na askari wa Kinubi wa King's African Rifles, waliowekwa kwenye msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20. Kwamba Wanubi walikuja kupewa hati ya ardhi, ekari 288, mwaka 2017. Zaidi ya karne moja wakingoja karatasi! Nikajipa moyo kuhusu muhuri wangu. Kwamba ardhi nyingine karibu yote ni ya serikali, kwa hivyo yule anayekudai kodi kila mwisho wa mwezi ana kuta za udongo na mabati tu, kiwanja si chake. Hapo nikashika tama. Mtu hana ardhi, hana hati, hana muhuri, na anapokea kodi. Mimi nasomea nini?

Tukaambiwa pia kuhusu mradi wa serikali na UN-Habitat wa kuboresha mitaa ya mabanda, uliozinduliwa mwaka 2004. Mwaka 2009 watu wa Soweto East wakahamishiwa fleti 600 kule Lang'ata, wapishe ujenzi kwao. Fleti ina vyumba vitatu, familia zikagawana, kila moja na chumba chake, jiko moja na choo kimoja cha wote. Fleti 822 za Soweto East zenyewe zikakamilika mwaka 2016. Prof akauliza, "Tunajifunza nini hapa?" Nikainua mkono. "Tunajifunza kwamba hata serikali huongezewa muda." Nilikuwa naomba wiki mbili. Sikupewa.

Ramani tuliyotumia ilichorwa na vijana wa Kibera wenyewe. Walianza mwaka 2009, wakazunguka na GPS kichochoro kwa kichochoro, wakaweka vyoo, makanisa, shule na vituo vya maji, mahali ambapo ramani nyingi zilikuwa na doa tupu. Vijana hao hawakungoja uzamili. Mimi ninayeusomea nilishika ramani yao mkononi na bado nikapotea nikitafuta reli. Reli, ndugu yangu! Kitu kirefu, cha chuma, kinachopigiwa honi.

Siku ya kwenda kupima niliteremka Dagoretti Corner, nikashika Ngong Road hadi Adams, nikakata Toi, nikashuka Makina. Tepu mfukoni, daftari kwapani, kalamu sikioni. Watoto wakanivamia. "Hawayu! Hawayu!" Nikajiona mtu. Halafu mmoja akatazama nyuma yangu, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mzungu wako ako wapi?"

Nikasema sina. Wakaondoka wote. Mbwa aliyekuwa amelala hapo naye akaondoka.

Watu wazima wakiona tepu hawacheki. Mnamo Julai 2018 tingatinga zilipita katikati ya nyumba za watu, njia ikitengenezwa ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Huku kila mtu anajua tingatinga hutanguliwa na jamaa wa tepu. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mandazi mlangoni kwake akaniuliza bila kuinua kichwa kwenye karai, "Mnabomoa lini?"

"Sibomoi, mama. Mimi ni mwanafunzi."

Hapo akainua kichwa. Akaukagua upara wangu wote, mbele na nyuma. "Mwanafunzi wa nini, baba yangu?"

Alinihurumia akanikaribisha. Chumba ni kile kile, kumi kwa kumi. Nyuma ya pazia kuna kitanda. Chini ya kitanda, mitungi ya maji, gunia la makaa, viatu vya shule vimepangwa kwa ukubwa. Juu ya kitanda kuna kamba, na kwenye kamba nguo za nyumba nzima. Kochi zimevalishwa vitambaa vyeupe. Usiku meza inapanda juu ya kochi, godoro la watoto linatolewa lilikobanwa, linatandikwa mahali pa meza. Asubuhi kila kitu kinarudi kwake kabla maji ya chai hayajachemka. Jiko liko mlangoni: moshi unatoka nje, wateja wanasimama nje, pesa inaingia ndani. Nilitafuta mahali pa kukanyaga nivute tepu, nikakosa. Nikaandika kwenye daftari: "Imejaa." Nikanunua mandazi.

Shuleni tuna kitabu cha Mjerumani, Ernst Neufert, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1936. Wasanifu hukiapia. Kinapima kila kitu: mtu akikaa, mtu akiinama, mtu akitembea na mwavuli. Nikakifungua kwenye simu pale pale kichochoroni, nikatafuta nafasi anayohitaji mama mwenye mtungi wa lita 20 kichwani akipishana na mkokoteni wa makaa juu ya mtaro, mvua ikinyesha. Sikuona. Nikiwa bado natafuta mkokoteni ukafika. Mtaro ule, kwa faida ya wasomi, kina chake ni kutoka unyayo hadi goti. Ndicho kipimo pekee nilichorudi nacho Kawangware kikiwa sahihi. Kwenye matatu watu wote walihamia viti vya nyuma.

Muhula ukasonga, nikamrudia yule mama na mchoro. Nilikuwa nimeiba wazo kwa Francis Kéré, yule wa Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, mwaka 2022. Shule yake ya Gando, iliyomalizika mwaka 2001, ina kuta za matofali ya udongo na paa la mabati lililoinuliwa juu ya dari, ili joto lipate pa kutokea. Kitu cha akili kabisa. Nikautandaza mchoro juu ya kochi.

"Hapa juu, mama, tumeacha nafasi. Hewa inapita."

"Na mwizi?"

"Mwizi gani?"

"Pakipita hewa patapita mwizi. Hujaona wa huku walivyokonda?"

Nikafuta kidogo. Akaweka kidole chenye unga juu ya karatasi. "Mimi niko wapi hapa?"

"Ghorofa ya nne, mama. Utaiona Nairobi Dam yote."

"Na mandazi nitamuuzia nani huko juu? Kunguru?"

Nikafuta. "Jiko liko wapi?" Nikamwonyesha, ndani, pembeni, safi. "Moshi utaenda wapi?" Nikamwambia hakuna moshi, atatumia gesi. "Gesi utaninunulia wewe?" Nikafuta tena, karatasi ikaanza kutoboka. Kisha akauliza kale kachumba kadogo ni ka nini. Nikamwambia ni choo, chake peke yake, ndani ya nyumba. Akanyamaza. Akageuza karatasi, akaitazama kwa upande mwingine. Akageuza mandazi kwenye karai, akarudi.

"Hicho usikifute."

Prof anapenda kutusimulia kuhusu wanafunzi wa usanifu wa Harvard waliokuja Kibera na mwaka 2006 wakaanzisha shirika lao, Kounkuey Design Initiative. Wao walikaa na wenyeji kwanza, wakawauliza wanataka nini, ndipo wakashika kalamu, na viwanja walivyotengeneza na wenyeji kando ya mto vinatumika na kutunzwa na watu wa hapo hapo. Akimaliza ananitazama mimi. Prof, nami nilikaa na wenyeji! Nilikaa mpaka nikala mandazi ya nauli, nikarudi Kawangware kwa miguu. Kila mtu na utafiti wake.

Sasa kukabidhi kazi kukakaribia. Inatakiwa modeli. Wale watoto hununua bodi nyeupe mjini, bei ya unga wa wiki nzima. Mimi nikaomba maboksi dukani, nikapika gundi yangu ya unga wa ngano, ile ya kubandikia mabango ya uchaguzi. Jioni mama watoto akaniuliza unga wa chapati uko wapi. Nikamwonyesha ghorofa ya kwanza na ya pili.

Sisi tunaishi chumba kimoja. Modeli ikachukua meza, watoto wakalia chakula sakafuni. Ikakua, ikachukua kochi. Soweto East ikalala kwa kochi, baba mwenye nyumba akalala chini na kichwa mlangoni. Mama watoto akasimama akaitazama, mikono kiunoni. "Umewapatia watu mia mbili makao," akasema, "sisi umetufukuza."

Usiku wa mwisho stima ikapotea. Nikafanya kazi na tochi ya simu nimeing'ata kwa meno. Nikasinzia. Nilipozinduka, panya alikuwa amepita. Na hakupita tu, alikula. Gundi ya unga ni chakula, simlaumu, hata mimi nilikuwa nimelala njaa. Ubavu wote wa magharibi ulikuwa mashimo, mengine duara, mengine marefu, mengine hayana jina. Uani akawa ameacha vitu vidogo vyeusi, vimepangwa vizuri. Kumepambazuka, sina gundi, sina unga, sina muda wa kufagia.

Makanga wa kwanza akataka nilipie viti vitatu. Wa pili akacheka tu. Nikatafuta mkokoteni. Tuliwahi kuambiwa kwamba Paris, karne ya 19, shule ya École des Beaux-Arts ilikuwa ikituma mkokoteni kukusanya michoro, na wanafunzi waliochelewa walikuwa wakirukia juu wakiendelea kuchora njiani. Nikajiona Mfaransa kamili. Nilikuwa nimeifunika modeli kwa shuka jeupe, vumbi lisiingie. Naivasha Road nzima watu wa boda walinipigia honi. "Keki ya nani hiyo?" Mama mmoja akapiga vigelegele. Mwenye mkokoteni kusikia hivyo, akanitoza bei ya harusi.

Siku hiyo ndiyo huitwa kriti. Unabandika michoro ukutani, jopo linakaa viti vya mbele na chai, na wewe unasimama, hujalala, hujaoga, ukijitetea. Kijana aliyenitangulia alitoka akilia, na yeye ndiye aliyesifiwa. Zamu yangu ikafika. Paa? "Umemwiga Kéré." Jiko? "Halina utafiti." Mwingine akainama kwenye ngazi. "Hapa kochi itapita?" Nikanyamaza. Kawangware ilikuwa imenifuata.

Halafu mgeni mmoja wa miwani ya duara akasimama mbele ya ubavu wa magharibi. Akachuchumaa. Akakaa hapo mpaka chai yake ikapoa.

"Huu ukuta," akasema, "unapumua."

Jopo zima likasogea. Likainama. Likaguna.

"Hakuna dirisha linalofanana na jingine. Uliufikiaje uamuzi huu?"

Msomaji wangu, ungekuwa wewe ungesemaje? Nikasema, "Nilishirikiana na mkaazi wa eneo."

"Ushirikishwaji wa jamii!" Wote wakaandika. Akaonyesha uani. "Na hivi vyeusi?"

"Viti vya kupumzikia, Daktari."

Nilipita. Paa lilifeli, jiko likafeli, ngazi ikafeli, ukuta wa magharibi ukapita na kutubeba sisi wengine. Nilipofika nyumbani nikakuta mama watoto ametega mtego chini ya kochi. Nikautegua kimyakimya. Muhula ujao kuna kazi nyingine.

Lakini lalamiko langu kubwa ni hili. Kwenye jopo lile hakuna hata mmoja anayelala kumi kwa kumi. Yule mama wa mandazi aliuliza habari ya mwizi, biashara, moshi na choo, akamaliza kazi kabla karai halijapoa. Wasomi wakauliza habari ya kupumua kwa ukuta, na bei ya gesi hakuna aliyeigusa. Mnachora nyumba ya mtu, mnamhukumu anayeichora, na atakayeilipia kodi hayuko chumbani. Kwa hivyo naomba, kwa unyenyekevu wote wa mtu ambaye bado anatafuta muhuri: siku ya kriti mpeni mama huyo kiti cha mbele. Mlipeni siku yake, maana akiwa kwenu mandazi hayauziki. Mrudishieni nauli. Na chai mumpe ile ya maziwa mnayokunywa nyinyi, si strungi mnayotupa sisi.